Bata wa mtoto anaharisha kijani: maswali yenu kwa daktari wa mifugo

Barua za mwezi huu karibu zote ni za bata, na karibu zote ni za tumbo. Wengi mlioandika hamfugi kwa biashara. Mna bata mmoja au wawili nyumbani, wana majina, wanawafuata watoto mpaka mlango wa jikoni. Baadhi yenu mmeambiwa na majirani, "Si bata tu, chinja ule." Mimi sisemi hivyo. Nimetibu mifugo miaka ishirini na sita, Tanga mjini na vijiji vyake, na bata anayeliliwa na mtoto namtazama kwa umakini uleule ninaompa ng'ombe wa maziwa.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mwanangu wa darasa la nne ana bata jike wa kienyeji, anamwita Tausi. Leo siku ya tano anaharisha maji ya kijani, kama majani yaliyotwangwa. Chakula anadonoa na kuacha. Tangu juzi hasimami vizuri, anakalia miguu. Duka la dawa za mifugo walinipa unga wa OTC, ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini, wa kuchanganya na maji, nimempa siku tatu, sijaona nafuu. Tunakaa karibu na ufukwe, baba yao ni mvuvi. Mtoto naye hataki kula. Nisaidie. (Mama, Pangani)

JIBU: Marahaba mama, na poleni, wewe na mtoto.

Tuanze na rangi, maana ndiyo iliyowatisha. Kinyesi cha bata mzima ni laini, cha majimaji, kahawia au kijani cha mboga, na juu yake kuna utando mweupe kama chokaa. Ule weupe ndio mkojo wake, maana ndege hakojoi kando. Mara chache kwa siku hutoa kingine, kahawia iliyokolea, kinachonata kama lami na kunuka vibaya. Hicho nacho ni cha kawaida, msikiogope. Bata akiacha kula, nyongo inashuka bila chakula cha kuchanganyika nacho, na kinyesi kinageuka kijani. Kwa hiyo kijani peke yake inakwambia tumbo ni tupu. Kwa nini ni tupu, hapo ndipo kazi inapoanza.

Kilichonishtua katika barua yako ni mambo mawili uliyoyaandika kwa kupita tu: kwamba anakalia miguu, na kwamba baba ni mvuvi.

Miaka kumi na moja iliyopita niliitwa kijijini Kigombe na mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu chini ya mwembe. Bata wake alikuwa hivyohivyo. Kijani kikali kimechafua manyoya yote ya nyuma, mbawa zimening'inia kama koti lililomzidi mtu, mfupa wa kidari umetokeza kama mkuku wa jahazi. Alikufa usiku ule. Asubuhi nilimpasua mbele ya mzee, nikafungua firigisi. Mlikuwa na changarawe, kama inavyotakiwa, na katikati ya changarawe mlikuwa na chubwi nne za mshipi, vile vipande vya madini ya risasi vya kuzamishia ndoano, zimesagika mpaka zimebaki ndogo kama mbegu za papai, zinang'aa. Mzee alizipokea kiganjani, akazigeuzageuza, kisha akatazama chini pale alipokuwa ameketi kwa miaka yote ile. Zilikuwa zimetapakaa kote.

Bata hana meno. Humeza mawe madogo ili firigisi iyatumie kusaga chakula, na jicho lake halitofautishi jiwe na kipande cha risasi. Risasi ikishaingia humo inasagwa pamoja na punje, asidi ya tumbo inaiyeyusha kidogo kidogo, na sumu inaingia kwenye damu. Inapoozesha matumbo, kisha miguu na mbawa. Wengine hubadilika hata sauti. Hapo OTC haina kazi. Ile ni dawa ya kupambana na bakteria, na risasi si bakteria.

Kwa barua tu siwezi kuapa kwamba Tausi amemeza chubwi, lakini mpelekeni kwa daktari wa mifugo mkiwa na wazo hilo, na mlitamke. Kwenye eksirei risasi huonekana nyeupe pee. Matibabu yapo: sindano ya kalsiamu EDTA, inayoikamata risasi ndani ya damu na kuitoa. Hiyo ni ya kuchomwa na daktari. Mkichelewa, firigisi inaendelea kusaga.

Wakati mnatafuta usafiri, acheni OTC. Mfungieni mahali safi, pakavu, pasipo mchanga wa ua, mtandike gunia jeupe la unga lililofuliwa ili mwone kila anachotoa. Maji ya chumvi na sukari atayahitaji: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Yatieni kwenye bakuli lenye kina cha kutosha kuzamisha pua zote mbili, maana bata hujisafisha pua anapokunywa. Mchanganyiko wa leo usilale hadi kesho.

Asipokunywa mwenyewe, usimfungue mdomo ukamimina. Ukiutazama ulimi wake kwa ndani, nyuma yake utaona mwanya mdogo unaofunguka na kufumba. Hiyo ndiyo njia ya pumzi, iko wazi kabisa, na maji yakiingia humo umemzamisha mikononi mwako. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, dondosha tone moja moja ubavuni mwa mdomo, umsubiri ameze. Mtoto anaweza kufanya kazi hii, na mikono ya mtoto mara nyingi ina subira kuliko yetu.

Mayai ya Tausi msiyale mpaka daktari aseme, kwa sababu risasi huingia kwenye yai. Na nakuomba sana, mama: kama baba huyeyusha risasi za chubwi jikoni au uani, kazi hiyo ihame leo, iwe mbali na nyumba na watoto. Kinachomwangusha bata kwenye mchanga ule kinamdhuru pia mtoto anayetambaa juu yake na kutia vidole mdomoni. Okoteni kila kipande. Sumaku itawasaidia kwa misumari na nyaya, ambazo nazo bata humeza, lakini risasi haishikwi na sumaku. Hizo ni za macho na vidole.

SWALI: Daktari, bibi yangu kaniambia nitwange shubiri na pilipili kichaa, nimnyweshe bata wangu anayeharisha. Ni salama? (Kijana, Chake Chake)

JIBU: Mwambie bibi shikamoo yangu. Kuhusu nguvu ya shubiri hakukosea, ila nguvu hiyo ni ya upande mwingine. Yale maji ya njano machungu yaliyo chini ya ganda la jani hufungua choo. Anayeharisha ukimpa, unaongeza kile anachoteseka nacho, na bata mdogo hukauka maji kwa saa chache. Pilipili haitamsaidia. Kama anakula na amechangamka, mpe maji ya chumvi na sukari niliyoyaeleza hapo juu, wali mkavu kidogo, na umwondolee makoko, mkate na mabaki yaliyochacha. Mbona sikuandikii dawa? Kwa sababu kuhara kwa siku moja kwa bata aliyekula uchafu huisha kwenyewe. Ukiona damu, au siku mbili zimepita, au amekataa chakula, mtafute mtaalamu.

SWALI: Habari za kazi Daktari. Niko Moshi. Nililetewa vifaranga tisa wa bata kwa ajili ya watoto wangu. Ndani ya siku sita wamekufa wanne. Wanasinzia, hawakui, manyoya yanachomoka, wawili walijikunja shingo nyuma wakafa. Ninawapa pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Gunia la pumba nilipata kwa bei nzuri, lilikuwa na unyevu kidogo chini. Cha ajabu, kuku wangu wakubwa wanakula chakula hichohicho na wako wazima. (Baba, Moshi)

JIBU: Ndugu yangu, kile ulichokiita cha ajabu ndicho kilichonipa jibu.

Gunia lenye unyevu chini huota ukungu, na ukungu wa aina fulani hutengeneza sumukuvu. Katika mifugo yote ya nyumbani, wachache wanaiogopa sumu hii kama kifaranga wa bata. Kuku mkubwa anaweza kuila kwa wiki kadhaa na asionyeshe kitu, huku kifaranga wa bata wa wiki moja anakufa kwa kiasi kidogo sana. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, na vifaranga wa bata pia, kabla watu hawajajua kilichowaua. Ilikuja kugundulika ni mashudu ya karanga yenye ukungu, na hapo ndipo sumu hii ilipopewa jina la aflatoksini. Baada ya hapo wanasayansi walitumia vifaranga wa bata kupima kama chakula kina sumu, kwa sababu hakuna aliyekuwa mwepesi kuihisi kuliko wao.

Nakueleza haya kwa sababu sumu hii haiishii bandani. Mwaka 2004 Makueni, Kitui na sehemu jirani za Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 ilitokea huku kwetu pia, Dodoma na Manyara. Kama pumba zile zilitoka kwenye mahindi mnayokula nyumbani, yakagueni mahindi yenyewe leo.

Gunia lile lifukie au lichome. Usiwape kuku kwa kuwa "wao hawadhuriki". Ini lao linaumia polepole, na sumu inaweza kupita kwenye mayai. Usiwape nguruwe. Kuchemsha hakuiondoi, kuanika juani baada ya ukungu kuota hakuiondoi, na kuchagua penye weusi tu hakutoshi, kwa kuwa sehemu isiyo na rangi inaweza kuwa na sumu vilevile.

Dawa ya kuitoa mwilini haipo. Wale watano waliobaki wape chakula kipya cha vifaranga, kisicho na harufu ya ghala, mchicha uliokatwa vipande vidogo, na maji safi wakati wote. Bata hawezi kumeza chakula kikavu bila maji pembeni, anakabwa. Wape kidogo kidogo, kwa sababu bata hupeleka chakula majini na maji kwenye chakula, na uji ule kwenye joto unachacha kabla ya adhuhuri. Kinachobaki mwaga. Ukiwa na hamira ya unga, nyunyiza kiasi cha vidole viwili kwenye chakula chao: kifaranga wa bata anahitaji naiasini, aina ya vitamini B, kuliko wa kuku, na akilishwa mahindi matupu miguu inapinda. Hilo si la tumbo, lakini kwa ulivyowalisha, litafuata.

Chakula cha kuku chenye dawa ndani yake usikinunue bila kuuliza. Bata hula kwa wingi kuliko kuku, na kipimo cha dawa kilichowekwa kwa kuku kinaweza kumzidi.

SWALI: Bata sita kati ya kumi na mmoja wamekufa tangu juzi usiku bila hata kuumwa. Wawili walitoa damu nyuma. Waliobaki dhaifu nimewachinja, nyama iko kwenye friji. Inaliwa? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Usiile. Usimpe mbwa. Usimuuzie mtu, wala usimgawie jirani.

Vifo vya ghafla vya wengi kwa pamoja vinaweza kuwa kipindupindu cha kuku, ambacho bata hukipata vibaya na ambacho antibayotiki huweza kukizuia kikiwahiwa. Inaweza kuwa tauni ya bata, ambayo ni ya virusi, hutoa damu matumboni na haina tiba. Inaweza kuwa mafua makali ya ndege. Kwa macho siwezi kuzitofautisha, na wewe huwezi. Na hauko mbali na Masaka, Uganda, ambako Januari 2017 mafua ya ndege yalikuta bata na kuku wa kufugwa baada ya ndege wa porini kuanza kufa ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mpigie afisa mifugo wa kata yako sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Usipasue mzoga hata mmoja. Akikuagiza upeleke maabara ya mifugo, mzoga uende kwenye mifuko miwili ya plastiki, na barafu kuzunguka nje, usigandishwe. Waliobaki wasitoke bandani. Osha mikono kwa sabuni, badilisha viatu, na watoto wakae mbali.

SWALI: Binti yangu wa miaka mitatu anabusu bata mdomoni na wakati mwingine namkuta amelala naye mkekani. Bata haumwi. Nimzuie? Na vidonge vya rangi mbili tulivyobakiza kabatini, naweza kumpa bata? (Mama, Kigamboni)

JIBU: Mapenzi yao usiyazuie, busu lizuie. Bata anaweza kubeba bakteria wa salmonela matumboni mwaka mzima na asiharishe hata siku moja, na mtoto wa chini ya miaka mitano akiipata anaumwa sana. Mkono wa mtoto uoshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika. Bata asiingie jikoni, bakuli lake lisioshwe kwenye beseni la vyombo. Yai la bata lipikwe mpaka kiini kigande, hakuna yai lenye kiini laini kwa mtoto.

Na kwa kuwa umeuliza mwishoni kuhusu vidonge vya rangi mbili mlivyobakiza kabatini: hapana. Hujui kipimo chake kwa bata, dawa inaingia kwenye mayai anayokula huyohuyo binti, na dozi nusunusu ndiyo inayowafundisha bakteria kuishinda dawa.

SWALI: Daktari, mimi ni mzee mstaafu, naishi nje kidogo ya Dodoma. Nina bata dume, tuko pamoja mwaka wa saba sasa, tangu mke wangu alipofariki yeye ndiye ananisubiri mlangoni. Jana nilimkuta kwenye kidimbwi kinachokauka nyuma ya nyumba. Shingo imelala chini kama kamba, miguu haimsukumi, kaharisha kijani. Macho yake yananiona. Majirani wanasema ni mdondo, achinjwe kabla hajaambukiza kuku. Nimeshindwa kushika kisu. (Mzee, Dodoma)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua hii, kama unavyokumbuka, sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia siku ileile. Nayaandika tuliyozungumza ili wengine wayapate, kwa ruhusa yako.

Mdondo hupinda shingo, na bata ni nadra kuugua nao ingawa anaweza kuupeleka kwa kuku. Hii shingo haikupinda, ililegea, kama kitambaa kilicholowa. Nilikuuliza kama kuna kitu kimekufa karibu na kidimbwi. Ukaenda ukiwa na simu mkononi, nikisikia viatu vyako kwenye majani makavu, kisha ukasema: "Kuna panya buku, amejaa funza." Hapo nikajua.

Ni botulismu. Bakteria wake hukaa kwenye tope, na penye joto, maji yaliyotuama na mzoga hutengeneza sumu. Funza wanaila bila kudhurika, bata anawala funza, na sumu inazima misuli kuanzia miguu, mbawa, hadi shingo. Akili inabaki nzima. Ndiyo maana macho yalikuwa yanakuona.

Bata wa hivi mara nyingi huzama, kwa kuwa kichwa kinaangukia majini na hawezi kukiinua. Kwa hiyo ulimtoa, ukamweka kivulini, kanga ya marehemu mama umeikunja chini ya kidevu chake ili njia ya pumzi iwe wazi. Maji kwa tone, kila baada ya nusu saa, usiku nawe hukulala. Ulimgeuza upande ili miguu isife ganzi, ukampangusa nyuma nzi wasitage. Sikukuandikia antibayotiki kwa sababu haiondoi sumu iliyokwisha kuingia. Nilikuambia ukweli pia: ikifika misuli ya kupumulia hatuna la kufanya.

Siku ya tatu ulinipigia alfajiri. Alikuwa ameinua kichwa, kikatetemeka, kikaanguka, akakiinua tena. Siku ya tano alikunywa mwenyewe.

Panya umemfukia kwa kina, vizuri. Kidimbwi nacho kifukie au ukitoe maji kabisa kabla jua la Oktoba halijakolea. Aliyepona hapati kinga, mzoga mwingine utamwangusha vilevile. Kabla hujamfungulia asubuhi, zunguka ua mara moja ukitazama chini, hasa kwenye majani marefu kule nyuma. Na usimrudishie mahindi makavu kwa wiki nzima, kooni bado hana nguvu. Mlowekee.